Hamza kaondoka hajaona metali zikishikana

Jamani, mpaka sasa moyo umegoma kukubali. Sahibu yangu Hamza wa Kigombe tumemzika leo alasiri. Naandika kwa kidole kimoja.

Miaka ya hamsini tulikuwa vijana, tunatia bati sufuria za shaba pale Ngamiani. Unapasha sufuria motoni, unayeyusha bati ndani, unalisambaza kwa pamba chapuchapu kabla halijaganda.

Sisi tunakwepa moshi, Hamza anaingiza kichwa! Nyusi zake zilikuwa haziishi kuungua. "Nataka nione linaposhika," anasema.

Fundi wetu anafoka, "Toa kichwa we Hamza, tutakupakua na pilau!"

Sufuria ikirudi imechakaa, shaba iko wazi, Hamza anaigeuzageuza. "Lilishikaje? Na limeachiaje?" Namjibu, "Tumelila harusini, nyamaza tufanye kazi." Anacheka mpaka anakohoa.

Uzee ukatukuta. Macho yake yakapata mtoto wa jicho, lakini swali akabaki nalo.

Juzijuzi nikatumiwa video. Wataalamu wametumia hadubini ya elektroni, wakazipiga picha atomi mbili za metali zikishikana na kuachana. Si bati na shaba, ni metali nyingine, lakini jambo ni lile lile. Nilipiga yowe, nikampigia palepale.

"Hamza, wameona inavyoshika! Ngoja nikwambie..."

"We Mbondei, koma!" akanitania kabila kama kawaida yake. " Usinihadithie. Fundi haonyeshi sufuria mpaka ipoe. Nafanyiwa operesheni ya jicho wiki hii, bandeji ikitoka n'taona mwenyewe."

Nikamtii. Kwenye kazi yetu ndivyo tulivyofunzwa.

Akafanyiwa jicho, akanipigia, sauti nzima kabisa. Leo alfajiri moyo ukasimama. Bandeji imefunguliwa na waliomwosha.

Ee Mungu, kwa nini hukumwachia hata siku moja? Natamani niivunje hii simu. Wajukuu nikiwaonyesha wanasema "nzuri babu", wanaendelea na yao. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Hamza, utanisamehe, nakuhadithia kwa nguvu. Ni vitone viwili vyeusi. Vinakwenda pamoja, vimebanana. Mara vinaachana, kila kimoja kivyake, nikadhani ndiyo basi. Halafu vinarudiana, Hamza! Vinarudi bila moto, bila pamba, bila mtu kuvigusa.

Kesho sijui nitampigia nani.

Lala pema, sahibu yangu.