Kirombo cha Mama na Wageni wa Kihaka

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye maporomoko ya maji na mashamba ya kahawa ya Marangu. Siku moja mvua ilitukuta njiani nikiwa na wazee wawili, mwanamume wa Morisi na binamu yake mwanamke wa Taiwani. Nikawakimbizia kwa mama yangu, palikuwa karibu.

"Shikamoo," wakasema pamoja, kama nilivyowafundisha.

"Marahaba, wanangu. Ingieni, mtori wa ndizi umeiva."

Walipokuwa wanakula wakaanza kubishana kwa lugha yao, kwanza polepole, halafu kwa sauti. Mama akaacha kupakua.

"Wanagombana?"

Nikawauliza kwa Kiingereza, wakacheka. Wao ni Wahaka, jamii ya Wachina, wakanieleza, na walikuwa wanabishana ni nani anayeitamka lugha vizuri. Maneno ni yaleyale, lakini pale mmoja anapopandisha sauti, mwenzake anaishusha. Neno la "mimi" wote wanalo: ng'ai.

"Ngai si Mungu wa Wamasai?" mama akashangaa. Nilipotafsiri, yule mama wa Taiwani alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Mzee akasimulia. Mababu zao walitoka kaskazini mwa China, wakawa wanahama kizazi baada ya kizazi kwa vita na njaa. Walipofika kusini walikuta mabonde yana wenyewe, wakapanda milimani. Wenyeji wakawaita watu wa kuja, na ndiyo maana ya jina Haka mpaka leo. Babu yake akavuka bahari hadi Morisi.

"Milimani?" mama akasema. "Basi walipata pazuri."

"Tuna msemo," mzee akaendelea. "Afadhali kuuza shamba la mababu kuliko kusahau lugha ya mababu."

Nikasita kutafsiri. Kwetu kihamba, shamba la ukoo, ndiko tunakozikana, na neno kuuza halitajwi mbele ya mama. Lakini alikuwa ananisubiri, nikasema.

Mvua ilikuwa bado inapiga bati.

"Waambie kihamba hatuuzi," mama akasema. "Hapo sikubali. Ila la lugha wamesema kweli."

Ndipo akawasimulia jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia lote. Aliletwa hapa akiwa bibi harusi kutoka Mkuu, Rombo. Akifungua mdomo, mawifi wanacheka. Kichagga chake hakikuwa cha Marangu. Wakamwambia aongee kama wao au anyamaze.

"Nikajifunza chao," mama akasema, mgongo umenyooka, "na changu sikukiacha. Watoto wangu wote nimewalea kwa Kirombo."

Nilitafsiri kwa fahari. Yule mama wa Taiwani akainuka, akamshika mama mikono yote miwili. Akasema kitu kwa Kihaka, na safari hii binamu yake hakumsahihisha.

Walipoondoka nilimfikiria binti yangu, anayekulia Moshi mjini na Kiswahili chake kitupu. Likizo iliyofuata nikampeleka Mkuu kwa wajomba zangu. Aliporudi akamsalimia bibi yake kwa Kirombo, sentensi nzima, bila kuchanganya. Mama akamrekebisha neno moja tu. Kisha akatoka nje kuwaita mawifi zake waje wasikie.