Hodi ya nne

Leo nimepigiwa hodi ya nne.

Mnajua kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka bila kinyongo.

Mtaa wetu huu wa pembezoni mwa Chake, Pemba, si mji, si shamba. Maji yapo, soko liko karibu, lakini ukipita na mfuko lazima uulizwe umebeba nini. Nimechoka kuulizwa. Basi leo sina kazi, nikafunga mlango, nikazima simu, nikajilaza.

Saa nne asubuhi akaja jirani yangu, Bi Raya. Hodi ya kwanza nikanyamaza. Ya pili. Ya tatu. Nikasema moyoni, haya, sasa ataondoka.

Akapiga ya nne.

Halafu nikamsikia anamwita mumewe. "Njoo na shoka. Uwanja haujafagiwa, simu haipatikani, na mlango umefungwa kwa ndani."

Nikaganda kitandani. Nitoke niseme nini? Nyayo zikazidi kuongezeka. Mtu akaanza kuniombea rehema kama maiti, na mimi namsikia (fikirieni hapo).

Shoka lilipogonga ubao, niliruka nikafungua.

Uwanja umejaa watu. Mumewe shoka kalinyanyua juu.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Bi Raya akanitazama usoni, macho yamemwiva kwa kulia.

"Nilikusikia ukigeuka kitandani," akasema taratibu. "Nikadhani unakata roho. Siku nyingine niishie hodi ya ngapi, mwanangu?"

Nyinyi mngemwambia ngapi?