Kemshafti ya Tobiko na Ng'ombe wa Malambo

Tobiko wa Malambo alichunga ng'ombe tangu alipojua kutembea, na kama kuna kitu alikichoka duniani ni kutazama mikia. Ndiyo maana aliponunua pikipiki ya kubebea abiria alijiona amezaliwa upya. Tatizo lilikuwa mlima wa njia ya mnadani. Kila alipompakia mama yake, ambaye nyumbani humwita Yeyo, wakifika katikati pikipiki ilikohoa, na mama, mwanamke mwenye mwili wake, alishuka akasukuma.

Baba yake, mzee Saning'o, aliiona aibu hiyo mara moja, ikamtosha. "Yeyo wako akishuka tena," alisema, "unauza hicho chuma, unarudi kwenye ng'ombe."

Tobiko akafunga safari mpaka Karatu kwa fundi Benson.

"Mdogo wangu, kemshafti ndiyo inayosukuma vali zifunguke," Benson alisema, akiweka mbili mezani. "Hii ya kawaida ni kimya, lakini mlimani utaiombea dua. Hii nyingine inafungua vali zaidi, injini inapumua kisawasawa. Ila springi zake ngumu, vali zitagonga. Nikizibana mno zinyamaze, hazitafunga vizuri, nguvu inapotea. Masikio au mlima?"

"Mlima, kaka. Masikio nitayazoea."

Kweli ziligonga. Ikienda polepole ilitoa ko-ko, ko-ko, na Tobiko kwa furaha yake hakujiuliza sauti hiyo aliwahi kuisikia wapi. Kwao dume kiongozi huvalishwa kengele ya mbao shingoni, na ikilia, kundi lote hufuata bila maswali.

Siku ya mnada Yeyo alipanda. Pikipiki ikakwea mlima kama iko tambarare, Tobiko akiimba kwa sauti.

Karibu na kilele mama alimgusa bega. "Usikimbie, mwanangu. Ndama wanachoka."

Akageuka. Nyuma yao walikuja ng'ombe wa baba yake, ng'ombe wa majirani, na punda wawili wasiojua waendako. Dume kiongozi alikuwa mbele yao, amekubali cheo cha pili. Tobiko akazima injini. Wakasimama, wakala majani. Akawasha, wakainua vichwa. Majirani nao walikuwa wanapanda na fimbo, wakiita mwizi.

Saning'o alifika akihema. Tobiko alikaribia kulia. "Baba, nitarudisha ile ya kimya."

"Mama yako asukume tena?" Mzee aliizunguka pikipiki, akaikagua kama dume la kununua. "Yeyo hajashuka. Nilisema, nimesema. Pikipiki ni yako."

Tobiko akashusha pumzi.

"Kesho asubuhi uwapeleke malishoni," mzee akaongeza. "Na wa majirani pia, wameshakuzoea. Usiende kasi."

Hadi leo abiria mwenye haraka hapandi kwa Tobiko. Lakini alichokitaka amekipata: mikia haioni tena. Kwenye vioo vya pembeni anaona nyuso tu, nyingi, zinamtazama kwa imani.