Mwaka Tuliotafuta Wakili wa Mtoto

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunifukuza chumbani: harufu ya kitambaa chenye unyevu kinapoguswa na pasi ya makaa. Kwanza hupanda mvuke mtamu kidogo, wa sabuni ya mche, halafu ukichelewa kuinua mkono inakuja ile nyingine, kali, ya kuungua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na pasi ile ilikuwa nzito kuliko nguvu za mkono wangu. Ilikuwa ya senge. Ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa binamu wa marehemu baba yangu, aliyeishi na mumewe, supavaiza wa shamba moja la chai upande wa Kericho. Nyumba zao zilipangwa mistari juu ya mlima, chai ya kijani imezizunguka pande zote kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Asubuhi ukungu ulifunika hata choo cha jirani. Alasiri mvua ilishuka, mara nyingine na mawe, na mabati yakapiga kelele hadi mtu asisikike akizungumza. Au akilia.

Nilifikaje huko? Bibi yangu, ambaye nilimwita Kogo, ndiye aliyenilea karibu na Sigor, ambako mahindi yalikuwa yakikauka yakiwa bado mafupi. Senge alikuja kututembelea na sukari na mkate, akanywa mursik, maziwa ya mgando ya Kogo, akasema shule za huko kwenye chai ni nzuri na zina walimu wa kutosha. Kogo alikubali kwa sababu ya neno shule. Nami nilifurahi, sitadanganya. Lakini shule niliiona siku zisizo na nguo za kufua, mtoto wa kubebwa, wala mashati ya supavaiza ya kupigwa pasi, na siku za namna hiyo zilikuwa chache sana. Mwalimu aliniuliza mara moja tu kwa nini ninakosa, nikasema naumwa, akaandika naumwa, yakaisha.

Asubuhi moja kaa lilichomoka kwenye pasi likatoboa shati jeupe mfukoni. Senge alilitazama lile tundu, akanitazama, akanishika mkono. Sitaeleza zaidi ya hapo. Inatosha kusema kwamba kovu nililo nalo juu ya kiwiko lina umbo la ncha ya pasi, na kwamba baadaye alinipaka dawa ya meno na kuniambia nivae sweta hata jua likiwaka.

Aliyeliona jeraha ni Mama Moraa, mchumaji chai kutoka Kisii, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka yetu. Tulikutana kwenye bomba la maji, sweta ikiwa imenaswa na usaha, nami nikishindwa kuinua ndoo.

"Nani amekufanya hivi?" aliuliza.

"Nilianguka, Mama."

"Ukaangukia pasi?"

Niliinamia ndoo. Alinipeleka kwa kiongozi wa kambi ya wafanyakazi, mzee mmoja aliyekuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichopasuka. Yule mzee hakugeuka. Alisema hayo ni mambo ya nyumba ya watu, na wewe Mkisii unaingilia Wakipsigis wakirekebisha mtoto wao kama nani? Mama Moraa alimjibu kwa Kikisii, maneno ambayo sikuyaelewa ila niliyapenda. Hakuingia shambani siku hiyo. Alinifunga mkono kwa leso yake na kunirudisha mwenyewe hadi kwa Kogo, akiuliza njia kwa watu ambao hakujua lugha yao.

Kogo alifungua ile leso, akanitazama mkono. Kesho yake tulikuwa Longisa, hospitalini, ambako daktari alinisafisha kwa upole hata nikalala kitandani wakati akiendelea. Yeye ndiye aliyemwambia Kogo kwamba hili ni kosa la jinai, aende polisi. Kogo alidhani amepewa jibu. Kumbe alikuwa amepewa safari.

Kituoni askari alitusikiliza akiwa ameegemea kaunta, akamaliza kwa kusema, "Nyinyi si ni watu wa familia moja? Rudini mkaongee nyumbani." Tuliporudi nyumbani, familia ilikuwa tayari imekuja kuongea. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti vyote tulivyokuwa navyo, wakasema senge amekosa, ndiyo, hakuna anayekataa, na yuko tayari kutoa ndama jike. Walimtaja yule ndama kwa rangi yake, kwa mama yake, kwa maziwa atakayotoa. Hakuna aliyetaja mkono wangu. Kogo aliwahudumia chai, akangoja wamalize vikombe, akasema hataki ndama, anataka yule mwanamke asimame mbele ya watu aseme alichofanya. Wakamwambia anaharibu ukoo. Kanisani Jumapili iliyofuata, akina mama aliokaa nao benchi moja miaka yote walihamia benchi la nyuma.

Alirudi kituoni, akarudi tena, hadi askari mwingine, ambaye pengine alichoka tu kumwona, akaandika kesi. Basi ikaanza mahakama, na hapo ndipo nilipojifunza neno kuahirishwa kabla sijajua kuliandika. Kesi iliahirishwa kwa sababu hakimu alikuwa likizo. Iliahirishwa kwa sababu faili haikuonekana, kisha kwa sababu faili ilionekana lakini kiongozi wa mashtaka alikuwa amehamishwa, na mpya hajaisoma. Iliahirishwa kwa sababu wakili wa senge alikuwa na kesi mji mwingine, na kwa huyo kila mtu alisimama kwa heshima kumwombea udhuru. Kila mara tuliamka gizani, tukavuka matope, tukakaa kwenye ubao mrefu wa kule koridoni. Ulikuwa ubao mmoja tu. Mwisho huu tulikaa mimi na Kogo, mwisho ule walikaa mume wa senge, na senge mwenyewe amevaa kofia yake ya kanisani, akinitazama. Hakuna mtu katika jengo lile zima aliyeona kuna tatizo.

Siku kesi iliposikizwa hatimaye, niliwekwa kizimbani, nikaonekana kuanzia kidevuni kwenda juu. Wakili wa senge aliniuliza kwa Kiingereza, karani akatafsiri kwa Kiswahili, nami kichwani nikatafsiri kwa Kikipsigis na kurudi.

"Si kweli kwamba ulikuwa unacheza na pasi?"

"Hapana."

"Si kweli ulimwambia mwalimu kwamba unaumwa? Kwa hivyo wewe ni mtoto wa kudanganya?"

Nilimtazama kiongozi wa mashtaka. Alikuwa akipekua faili ya kesi iliyofuata. Nikamtazama hakimu, alikuwa akiandika. Wakili akauliza tena swali lilelile kwa maneno mengine, na tena, hadi nikaanza kulia, na kilio changu nacho kikaandikwa. Ndipo Kogo aliposimama huku nyuma, akasema kwa Kiswahili chake ambamo herufi b na p zilipigana vikumbo.

"Mheshimiwa! Huyo mama iko na wakili. Na hii mtoto, wakili yake ni nani? Mtu mkupwa kama huyo anapishana na mtoto, na nyinyi mnaangalia?"

Askari alimwamuru akae. Hakukaa. Hakimu alivua miwani, na nilidhani bibi yangu atafungwa. Badala yake hakimu alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba swali la mama huyu ni la haki, kwamba mtoto anaweza kupata wakili wa bure, na kwamba kesi imeahirishwa ili atafutwe.

Atafutwe na nani? Hilo hakulisema. Karani alituelekeza ofisi ya watoto. Ofisi ya watoto ilikuwa imefungwa kwa sababu afisa wake, ambaye alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, alikuwa nje kikazi. Tuliporudi tukamkuta, mtu mwema mwenye kikohozi, akasema mawakili wa bure wako mji wa mbali. Tulikwenda. Huko tukaambiwa siku hiyo wanasikiliza kesi za mashamba tu. Kogo aliuliza kama kuna siku ya mikono ya watoto. Msichana wa mapokezi alidhani ni mzaha, akacheka, hadi alipoona uso wa Kogo. Nilimsikia bibi yangu njiani akizungumza peke yake, "Wakili ya pure! Iko wapi hiyo pure?" na nikatamani tungemchukua tu yule ndama.

Tulimpata wakili kupitia Mama Moraa, aliyekuja kutoa ushahidi na kuukuta nao umeahirishwa. Alisikia kwamba mawakili wanawake watatoa ushauri katika kanisa moja karibu na mashamba ya chai, akatuletea habari. Tulipanga foleni kwenye mvua. Aliyetusikiliza alikuwa kijana, Achieng kwa jina, viatu vyake vimejaa tope jekundu kama vyetu. Aliinama, akanisalimia kabla ya kumsalimia Kogo, akaniuliza ningependa kuzungumza kwa lugha gani. Katika safari zetu zote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mambo aliyoyafanya hayakuwa makubwa, na hilo ndilo linaloniudhi nikilikumbuka. Aliomba nizungumze katika chumba cha hakimu, senge asinione. Aliomba mkalimani wa Kikipsigis. Wakili yule mwingine aliponiita muongo, alisema, "Napinga, Mheshimiwa," na yule bwana akaacha. Akaacha tu! Maneno mawili ya mtu mzima, na mlima ule wote ukasogea. Nikaeleza habari ya shati, ya kaa, ya pasi, na nilipomaliza niliomba maji nikaletewa.

Senge alipatikana na hatia. Hakufungwa gerezani, alipewa kifungo cha nje, akafagia uwanja wa zahanati kwa miezi kadhaa akiwa amejifunika kitambaa usoni. Wapo waliosema adhabu ni ndogo, na wapo waliosema ni aibu kwa ukoo. Kogo hakujali ufagio. Alichorudia hadi kufa kwake ni maneno ya hakimu, "Mahakama imemwamini mtoto," ambayo aliyajifunza kwa Kiswahili sanifu kabisa, hakuna herufi iliyoteleza. Ukoo uliendelea kutununia. Mama Moraa aliendelea kututembelea.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Bomet. Ningependa kuandika kwamba mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika: sheria zimeandikwa vizuri, kuna dawati la watoto kituo cha polisi, na ukutani kuna picha za watoto wanaotabasamu chini ya neno haki. Mwaka huu niliandamana na mwanafunzi wangu wa gredi ya sita, ambaye baba wa kambo alimvunja mkono. Wakili wake wa bure ni wa kweli, nimemwona, lakini yeye ni mmoja na watoto ni wengi, na siku hiyo alikuwa mahakama nyingine. Kesi ikaahirishwa. Karani akatupa tarehe kupitia dirisha, na mtoto akaitazama kalenda iliyobandikwa kando.

"Madam, hiyo ni siku ya mtihani wetu wa taifa."

"Basi achague," karani alisema bila kuinua macho. "Mtihani ama kesi."

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwambia siondoki. Watu nyuma yangu wakaanza kulalamika, askari akaja, akauliza shida ni nini, nikamweleza kwa sauti ya darasani, ikasikika korido nzima. Karani akavuta pumzi, akabonyeza kompyuta yake mara chache, akatupa tarehe ya wiki iliyofuata. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Tulipotoka nje mtoto aliniuliza, "Kumbe wangeweza tu tangu mwanzo, Madam?"

"Wangeweza," nikamwambia. "Twende ukale."