Viatu Vyeupe vya Komunyo

Juma lililopita, katikati ya mji wa Butembo, niliona kwenye kioo cha duka karatasi yenye maandishi mekundu: «-50%». Nilisimama ghafla hata pikipiki ya nyuma ikanipigia honi. Mimi ni msichana mkubwa sasa, lakini maandishi ya namna hiyo bado yananishtua. Ngoja nikueleze.

Utotoni nilikaa na bibi yangu katika mtaa wa Vulamba. Nilikuwa darasa la nne, nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza, na viatu vyeupe vilikuwa dola ishirini. Bibi alikuwa na saba tu, alizopata kwa kuuza viazi vyake. Siku moja mwenye duka la viatu akabandika tangazo: bei imepungua asilimia hamsini, na Jumamosi watoto wa komunyo watapunguziwa tena asilimia hamsini. Bibi hakujua kusoma. Mimi, niliyeona haya hata kumsalimia jirani, nilisoma kwa sauti. Mwalimu wetu alikuwa akipasua avoka, lile parachichi, na kusema, «Nusu na nusu, kitu kizima!» Basi hamsini na hamsini ni mia.

«Koko,» nilimwambia bibi, «Jumamosi viatu ni bure!»

«Bure? Ule mutu hata kamba ya kiatu hapana kupana bure!»

«Ni hesabu, koko. Wameandika.»

Aliniamini. Jumamosi asubuhi tulipitia soko, akanunua makayabo, samaki wa chumvi wa sikukuu, kwa dola tano. Njia nzima harufu yake ilitufuata.

Dukani nilivaa viatu. Vilinikaa vizuri kabisa.

«Dola tano,» akasema mwenye duka.

«Si bure?» nikauliza.

«Mama, huyu mutoto anataka kunifilisi! Ishirini, toa nusu, inabakia kumi. Ile nusu ya pili ni ya kumi, hapana ya ishirini. Inabakia tano.»

Wateja walicheka. Masikio yaliniwaka. Hata avoka, ukikata nusu, kisha nusu ya ile nusu, kipande kinabaki mkononi! Nilikuwa sijaona.

Nilingoja kofi. Bibi akauliza tu, «Munafunga saa ngapi?» Akabeba kikapu, tukarudi sokoni karibu kwa kukimbia. Muuza samaki alinusa makayabo yake mwenyewe kama mali ya wizi.

«Dola tatu, koko. Ilishatoka kwangu.»

Tatu na mbili zilizobaki zikawa tano.

Jumapili, baada ya komunyo, tulikula sombe tupu, majani ya muhogo. Jirani akauliza, «Na samaki?» Bibi akajibu, «Iko kwa miguu ya mutoto.» Watu walicheka, mimi nikatazama chini.

Nilijua hataniamini tena. Lakini Jumatatu, kabla ya shule, alinipa barua kutoka mji mdogo wa Mutwanga, akakaa, akafumba macho. «Nisomee.» Nilishtuka kuliko dukani. Nilisoma polepole, kila neno mara mbili.

Bibi hayupo tena. Leo watu wananipa karatasi wakiwa wameshaisoma wenyewe; hakuna anayefumba macho.