Nyumbani Hakuna Mtu

Binti yangu hunipigia simu mara chache, na huwa haanzi kwa salamu. Safari hii aliuliza kama Jumanne nitakuwa na kazi. Nikamwambia kazi yangu ni ile ile, kukaa na magunia ya makaa hapa Silanga, Kibera, nikingoja watu waingiwe na njaa.

"Basi utaenda shule badala yangu," alisema. "Kuna mkutano ya wazazi, na mama wa Lavington amekataa kunipa ruhusa."

Anafanya kazi za nyumba Lavington na anaishi Kawangware, upande wa stendi ya basi la 46, na watoto wake wawili. Mkubwa ni msichana wa gredi ya tano. Mdogo ni mvulana wa nasari. Baba yao aliondoka huyu mdogo akiwa bado tumboni, na mimi si mtu wa kumsema baba mwingine.

Alinieleza haraka, kwa sauti ya chini, maana alikuwa amejificha kwenye chumba cha kupigia pasi. Shule inataka wanafunzi wa kuanzia gredi ya nne wakae hadi saa kumi na moja badala ya kutoka saa tisa. Watakula huko, watafanya kazi zao za ziada huko, na wazazi walioajiriwa watapumua kidogo. Lakini nasari itaendelea kutoka saa sita na nusu. Na kila siku saa sita na nusu ni yule msichana anayemchukua mdogo wake, anampeleka nyumbani, anamlisha, na harudi tena darasani. Mwalimu wake amekuwa akifumba macho. Utaratibu mpya ukianza, majina yataitwa mchana, na asiyekuwepo atatafutiwa mzazi.

"Uwaambie wamruhusu awe akitoka," alisema. "Sema hivi: kwetu nyumbani hakuna mtu. Hayo maneno unayajua."

Akakata simu.

Ni kweli niliyajua. Niliyasema yeye akiwa darasa la saba, katika shule moja hapa Kibera. Mwalimu wao wa hesabu, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, aliwaita wazazi akasema yuko tayari kubaki na darasa la saba na la nane hadi saa kumi na moja. Hakutaka malipo. Alisema ameona kwamba wasichana wakitoka saa tisa hawaendi kusoma.

Wazazi hawakujua wajibu nini, wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwetu Kitui kabla ya kuja Nairobi, na miaka ile mtu wa kidato cha nne alisukumwa mbele katika kila mkutano, uwe wa maji, uwe wa vyoo. Nikasimama. Nikasema mwalimu ana nia njema ila hajui maisha yetu. Mama zao wanatoka alfajiri kwenda kufua nguo kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, na wadogo wao wanamngoja dada ndipo wale. "Nyumbani hakuna mtu," nikasema. "Mkimzuia huyu msichana, mmefunga jiko letu." Watu wakapiga makofi. Mwalimu akakusanya karatasi zake, na jambo lile halikutajwa tena.

Sasa niseme nilikuwa wapi siku hizo. Magunia yangu ya makaa yalikuwa nje ya mlango wa nyumba yetu. Nikinyoosha mguu niliweza kuusukuma ule mlango kwa kidole gumba. Wanangu wawili wa kiume, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa mitano, walishinda wakichezea vumbi la makaa miguuni pangu, nyuso nyeusi, kamasi mpaka mdomoni, na mimi nikicheza drafti ya vifuniko vya soda na wenzangu. Wakilia kwa njaa niliwaambia dada anakuja. Saa tisa na nusu dada alifika, akaweka mkoba, akawasha jiko kwa makaa aliyoyachota karibu na kiti changu, akapika, akawaosha. Nakumbuka nikiinua miguu ili apite na beseni.

Wala sikuwa nikisema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba niliamini. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba nyumbani hakuna mtu, na mimi nimekaa mlangoni. Mwanamume akimwosha mtoto pale njiani angepewa jina, na jina la Kibera halifutiki. Basi nikalinda jina langu. Matokeo ya darasa la nane yalipotoka, alama za hesabu za binti yangu zilikuwa za kutia aibu. Nilimkemea. Mama yake, ambaye sasa tumeshamzika, alinitazama tu akaendelea kukunja nguo za watu.

Jumanne ile nilifunga makaa mapema, nikatembea hadi Kawangware. Kwa magoti haya ni zaidi ya saa moja. Njiani nilijifunza ile sentensi kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mkutano ulikuwa katika darasa la kona, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Tulijitambulisha kwa zamu, kila mtu na anakotoka. Mwalimu mkuu alieleza mpango wake vizuri. Mtu wa bodaboda aliyekaa nyuma akasema anaunga mkono.

"Hata wakae mpaka saa mbili," alisema. "Mniletee wakiwa wameshalala."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha sukuma wiki akamgeukia. "Kwani wewe unatafuta shule ama unatafuta yaya?"

"Natafuta zote mbili, mathe. Wewe umepata moja?"

Hapo mwalimu wa gredi ya tano, msichana kijana aliyekuwa amesimama dirishani, akaomba kusema. "Mimi niko na mtoto wa miaka tatu," alisema. "Nikibaki na wenu mpaka saa kumi na moja, wangu anabaki na nani? Nauliza tu, kwa sababu naona hakuna mwenye ameuliza."

Mwalimu mkuu akasema hilo litaangaliwa. Mama wa kikapu akauliza kuhusu nasari. Mwalimu mkuu akasema wale wadogo hulala mchana na shule haina chumba cha kuwalaza, kwa hiyo wataendelea kutoka saa sita na nusu. Lakini na hilo litaangaliwa.

Nikaanza kuona hasira inanipanda, na haikuwa hasira ya kumlenga mtu mmoja. Ilikuwa kama paa linavuja saa sita na nusu, na hawa wanaliziba kwa lami saa kumi na moja. Ukimzuia msichana shuleni bila kumweka yule mdogo mahali, hujaisaidia nyumba yoyote. Umeondoa mlezi tu. Na kila mtu mle ndani alijua mlezi ni nani, sema hakuna aliyetaka kumtaja, kwa sababu ana miaka kumi na amevaa sare.

Kisha fundi viatu akasimama. Namjua, hushona viatu hatua kumi kutoka lango la shule. Akasema kijana wake mdogo akitoka nasari humngoja dada yake kwa sababu, samahani mwalimu, nyumbani hakuna mtu. Alisema kwa uchungu wa kweli, mkono kifuani. Mkono wenyewe ulikuwa bado na gundi. Nikatazama chini.

"Haya, mzee wa nyuma," mwenyekiti wa wazazi alisema. "Umeinua mkono ama unajikuna?"

Nilikuwa nimeinua. Nikasimama. Kupitia dirisha niliona mlango wa gredi ya tano ukifunguliwa na mjukuu wangu akitoka peke yake, mkoba mgongoni, bila kuharakisha, kama mfanyakazi anayekwenda zamu yake. Akavuka uwanja hadi nasari. Akapiga goti, akafunga kamba za viatu vya mdogo wake, akachukua chupa yake ya maji akaivaa shingoni, akamshika mkono. Nyuma yao darasa lilikuwa likicheka kitu fulani. Hakugeuka.

"Kwetu nyumbani," nilisema, na nikakwama.

"Sema, mzee."

"Kwetu nyumbani niko mimi. Huyo mdogo nitakuwa namchukua mimi. Msichana mwacheni akae."

Mwenyekiti akanitazama vizuri. "Mzee, wewe si ulisema umetoka Kibera?"

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ni nyumbani gani?"

Darasa zima likacheka, na bodaboda akaahidi kunibeba kwa bei ya mzee. Hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa. Fundi viatu hakucheka, alikuwa akibandua gundi vidoleni.

Jioni nilimngoja binti yangu kwake. Alifika saa moja na robo, akaweka mfuko chini, akaniuliza walisemaje. Nikamwambia nilichosema mimi.

Alikaa kwanza. "Nilikutuma sentensi moja," alisema. "Moja. Hata mtoto wa nasari angeifikisha."

"Nimeona msichana akitoka darasani."

"Mimi sijui anatoka? Unadhani mimi napenda?" Alikuwa akivua viatu na akishindwa na kamba. "Sasa wameandika kwamba yuko na mtu. Wewe ukishikwa na magoti wiki ijayo, nitaambia nini mwalimu? Mvua ikinyesha? Mtu akitaka makaa?"

"Nitakuja."

"Baba, ulikuwa hapo kwa mlango." Hakupaza sauti. Watoto walikuwa nyuma ya pazia. "Siku zote hizo nikikuja mbio kutoka shule. Nilikuwa nakuruka na maji moto. Ulikuwa hapo kwa mlango."

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuwa hapo."

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka, mengine kwa Kiswahili kizuri sana. Sikuyatoa, maana niliona yote yalikuwa ya kunisaidia mimi. Akavuta sufuria karibu akaanza kukata vitunguu.

"Wiki moja," alisema bila kunitazama. "Ukikosa siku moja, narudi kwa mwalimu mwenyewe."

Jumatatu, siku utaratibu mpya ulipoanza, askari wa lango aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akafungua kitabu cha nasari, ambamo huandikwa watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Kwenye mstari wa mjukuu wangu kulikuwa na jina la mama yake, halafu la dada yake, kwa mwandiko wa dada mwenyewe, herufi kubwa zinazolalia upande. Chini yake binti yangu alikuwa amepita asubuhi akaniandika mimi. Kwa penseli.

"Unamjua huyu mzee?" askari alimuuliza mtoto.

"Ni babu wa makaa," mtoto alisema, akanipa chupa.

Yaliyofuata sitayapamba. Nyumbani kwao mtoto alikataa wali nilioupasha, akataka ule wa dada. Alijikojolea kabla sijafungua kifungo. Nilimwosha nje, kwenye beseni, na majirani wawili wakasimama kutazama mzee wa umri wangu akipigana na mtoto mwenye povu. Mmoja akaniambia, "Babu, shika kichwa, si mguu." Jina nililoliogopa Kibera miaka yote ile sikupewa. Nilipewa ushauri, basi.

Msichana alifika saa kumi na moja na nusu. Akaenda moja kwa moja kwenye vyombo, akakuta vimeoshwa. Akamtafuta mdogo wake, akakagua masikio yake, akatoa kwa ncha ya sketi sabuni niliyoiacha humo. Halafu akasimama katikati ya chumba.

"Sasa mimi nifanye nini, babu?"

"Hakuna. Nenda ucheze na wenzako."

"Wenzangu gani?"

Nikachungulia nje. Wasichana wa ploti ile walikuwa wakiruka kamba pale pale nje, na walikuwa wakimjua kama mtu mwenye mtoto mgongoni. Akakaa karibu nami mlangoni. Baada ya muda akaniambia kwamba sayansi hufundishwa mchana. Hakujua. Wenzake walipanda maharagwe kwenye vikopo zamani na sasa yanapanda kamba dirishani. Yeye leo ndiyo amepewa kikopo. Kina udongo tu.

Binti yangu aliporudi alimtazama mdogo aliyelala, akatazama vyombo, akamtazama msichana aliyekuwa amefungua daftari. Akanisogezea chai. Nilidhani atasema neno.

"Kesho nasari wanatoka saa nne," alisema. "Walimu wako na mkutano."

"Mkutano wa nini?"

"Ya hayo masaa ya kuongezwa."

Nikahesabu njia. Itabidi niondoke Silanga saa mbili na nusu, kabla wateja wa asubuhi hawajaisha. Nikamwambia nitakuwepo langoni, nikainuka kutafuta viatu vyangu.