Baroko ni Mbele ya Nyololo

Jioni hii nimeanika sweta lililoloa mvua karibu na jiko la mkaa, hapa kwangu Iyunga. Harufu ya sufu na moshi ikanirudisha kwenye mazoezi ya kwaya, kanisani kwetu Mufindi. Nilikuwa mtoto, nimejibanza nyuma ya mama, katikati ya kinamama wa sauti ya pili, na wote walinuka hivyo hivyo.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ndiyo kwanza ametoka kusomea muziki. Aliandika ubaoni do, re, mi za wimbo mpya, akasema, "Huu ni wa Baroko. Baada ya Baroko inakuja Klasiki, halafu Romantiki." Zilikuwa enzi za muziki wa Ulaya, ila alizitaja kama konda wa basi la Nyololo anavyotaja vituo.

Mama akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hiyo Baroko ni mbele ya Nyololo?"

Wanaume wa besi walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu hakucheka.

"Ni mbele zaidi, mama. Lakini sauti ya pili mkiishika vizuri, mtafika leo leo."

Wakaimba. Mama alifumba macho, na mgongo wake niliouegemea ukawa unavuma kama mzinga wa nyuki.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwenye tope, nilimuuliza kama kweli alifika.

"Nilifika," alisema, akinifunika vizuri kwa kitenge chake. "Kumbe nako kuna baridi kama kwetu tu."